Kasoro Inayotangulia Kuonekana

Mwenye kigugumizi akiingia kwenye usaili, wasikilizaji wake huwa wamekwisha kumpima kabla hajamaliza kutaja jina lake, na kipimo hicho huenea hadi kwenye mambo yasiyohusiana na ulimi hata kidogo: akili yake, uaminifu wake, uwezo wake wa kuongoza wenzake. Kuenea huko ndiko kunakonisumbua, kuliko hata kule kuiona kasoro yenyewe.

Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alieleza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima walio chini yao kwa umbo, akili, uongozi na tabia, kila sifa kivyake. Alama zikafuatana mno kwa sifa zilizo mbalimbali kiasi hicho: aliyesifiwa umbo alielekea kusifiwa akili na tabia pia. Naye mwanasaikolojia mwingine, Solomon Asch, mwaka 1946, aliwasomea watu sifa za mtu wasiyemjua: ana akili, mchapakazi, mwenye pupa, mkosoaji, mkaidi, mwenye wivu. Kundi jingine likasomewa maneno yaleyale kuanzia mwisho. Wale wa kwanza walielekea kumwona mtu hodari mwenye upungufu wa hapa na pale. Wa pili, mtu ambaye matatizo yake yanauzuia uwezo wake. Hakuna neno lililoongezwa wala kupunguzwa; kilichobadilika ni mpangilio tu.

Ndiyo maana siafiki ushauri kwamba tuzifumbie macho kasoro za watu. Kasoro ipo, na kujifanya huioni ni dharau ya namna nyingine. Inachohitaji ni mipaka: mkaidi ahesabiwe mkaidi, lakini ukaidi wake usijibu swali la uaminifu wake. Tena kijicho na ulaghai huweza kukaa miaka mingi ndani ya mtu mwenye sauti tamu na mavazi nadhifu, asiulizwe na yeyote.

Msahihishaji wa mitihani anaweza kupitia swali la kwanza la watahiniwa wote, majina yakiwa yamefunikwa, kabla ya kugusa la pili, ili jibu la mwanzo lisiyabebe yanayofuata. Wasaili nao wanaweza kuipa kila sifa alama yake kabla hawajaanza kujadiliana. Ni kazi ya kuchosha, na wapo wanaoikataa kwa kudai kwamba uzoefu wao unawatosha. Thorndike hakuuamini uzoefu huo: kwa maoni yake, hata mwajiri au mwalimu hodari sana hushindwa kuzitenganisha sifa za mtu anayempima.