Nilivyozipanga maana za druimm, "mgongo" wa Kiayalandi cha Kale

Neno druimm la Kiayalandi cha Kale hufasiriwa upesi kuwa "mgongo", na msemaji wa Kiswahili huona kazi imekwisha hapo, kwa kuwa mgongo wetu nao ni wa mtu, wa mnyama na wa kilima. Haijaisha. Nilipoliandalia maelezo ya Kiswahili sikuanza na maana. Nilianza na maneno yanayolizunguka. Druimm likiwa na kimilikishi au kihusishi, kwa kawaida ni sehemu ya mwili. Likifuatwa na nomino nyingine iliyo katika hali ya umilikaji (umbo la neno linaloonyesha kitu ni cha nani au cha nini), kwa kawaida ni ardhi. Ukikagua hayo mawili kabla ya kufungua tafsiri yoyote, utata mwingi unajiondoa wenyewe.

Chombo cha kwanza ni kamusi kubwa ya Royal Irish Academy, iliyochapishwa kwa mafungu kati ya 1913 na 1976 na sasa inasomwa bure mtandaoni kwa jina la eDIL. Ndani yake neno limeandikwa kwa m mbili, nayo si mapambo. Katika lugha ile m moja ikija baada ya irabu hulegea na kutamkwa kama v inayopitia puani, lakini m mbili hubaki m kamili. Waliochapa maandishi ya kale kwa ajili ya wasomaji huandika druimm ili tusilitamke vibaya. Wanakili wa miswada hawakujali sana. Wengi waliandika druim. Kwa hiyo nilitafuta kwa tahajia zote mbili, kisha nikatafuta tena kwa o: dromma, drommo, droma. Anayetafuta kwa u peke yake hukosa sehemu kubwa ya ushahidi.

Sababu ya o hiyo inafaa kueleweka, kwa kuwa ndiyo inayofungua majina mengi. Irabu ya shina ilikuwa o. Katika umbo la kawaida ilifuatwa na i ambayo baadaye ilidondoka, nayo i hiyo ikaivuta o juu ikawa u. Katika hali ya umilikaji mwisho wa neno ulikuwa o, hakukuwa na cha kuivuta, ikabaki drommo, baadaye dromma, na leo droma. Muir, "bahari", linafanya hivyo hivyo: umilikaji wake ni moro. Ndiyo maana mji wa Dundrum kwa Kiayalandi ni Dún Droma, "ngome ya mgongo wa kilima", na ndiyo maana mswada maarufu uliopotea huitwa Cín Dromma Snechtai, yaani kitabu cha Druimm Snechtai, "mgongo wa theluji", mahali panapoitwa leo Drumsnat katika kaunti ya Monaghan.

Jambo la pili la kisarufi ni jinsia. Druimm halikuwa la kiume wala la kike, bali la jinsia ile ya tatu ambayo Kiayalandi kiliipoteza katika enzi ya kati. Nomino za jinsia hiyo ziliingiza sauti ya puani mwanzoni mwa neno lililofuata: b ikawa mb, d ikawa nd, g ikawa ng, na irabu ikatanguliwa na n. Alama hiyo imeganda katika majina ya mahali. Knocklong, katika kaunti ya Limerick, kulijulikana zamani kama Druim nDamgaire. Dromara, kaunti ya Down, ni Droim mBearach, "mgongo wa mitamba". Msomaji wa leo akiona mb bila kibainishi "na" cha Kiayalandi mbele yake hudhani ni kosa la chapa. Siyo. Hiyo b iliyofunikwa ni ushahidi kwamba jina liliundwa wakati jinsia ya tatu ilikuwa bado hai. Katika Kiayalandi cha sasa mb hutamkwa m tupu, na ndiyo maana Waingereza walipoliandika jina hilo kwa kusikia, b haikuonekana kabisa.

Katika mwili, druimm ni mgongo wa mtu na wa mnyama bila ubaguzi. Hapa tafsiri ni nyepesi, maana vihusishi vyao vinatembea karibu sawa na vyetu. Kuna druim fri druim, mgongo kwa mgongo, na kuna kumgeuzia mtu mgongo, ambako Kiswahili kina "kumpa mgongo" tayari. Katika Táin, kisa cha kale cha kishujaa cha Ayalandi kilichoandikwa kwa nathari, fahali wa Cuailnge anasifiwa kwa kuwa na mgongo mpana kiasi cha vijana 50 kuchezea juu yake kila jioni. Nilishawishika kuuita mgongo huo "uwanja", ili ukubwa uonekane, lakini niliuacha mgongo. Sifa yenyewe imo katika kutobadilisha neno.

Kosa la kawaida katika fungu hili ni kuchanganya druimm na dronn. Dronn ni nundu, kama ya ngamia, na ni neno lingine kabisa. Yanakaribiana kwa sura na kwa maana, basi ukikuta dron- katika mswada wenye vifupisho, angalia kama alama ya kifupisho inasimamia n au m kabla ya kuamua.

Sehemu tajiri zaidi ni ardhi, na shahidi wangu mkuu hapa ni Adomnán, abati wa Iona, monasteri ya kisiwani magharibi mwa Uskoti, aliyefariki 704. Aliandika kwa Kilatini, na alipofika kwenye jina lenye druimm hakuliacha kila mara kama lilivyo. Alilifasiri kwa dorsum, neno la Kilatini la mgongo wa mwili. Safu ya milima iliyowatenga Wapikti na Waskoti, watu wa kale wa Uskoti, inayoitwa Druim Alban kwa Kigaeli, kwake ni Dorsum Britanniae, "mgongo wa Britania". Druim Cett, palipofanyika mkutano mkuu ambao Tarehe za Ulster, kumbukumbu za kale za matukio ya mwaka kwa mwaka, zinauweka mwaka 575, mtakatifu Colum Cille, mwanzilishi wa Iona, akiwapo pamoja na mfalme Áed mac Ainmirech, naye analiandika kwa dorsum. Kwa hiyo karibu na mwaka 700 msomi mwenye lugha zote mbili bado alisikia mwili ndani ya jina la kilima. Hili ndilo lililoniruhusu kuweka maana zote mbili chini ya kidahizo kimoja, badala ya kuandika druimm ya kwanza na druimm ya pili kama maneno yanayofanana kwa bahati.

Lakini kilima gani? Kiayalandi kina maneno mengi ya miinuko na kila moja lina umbo lake. Cnoc ni kilima kwa jumla, tulach ni kilima kidogo au kichuguu cha kukusanyikia watu, mullach ni kilele, sliab ni mlima au eneo la milima. Druimm lazima liwe refu kuliko upana wake, na liwe na mstari juu ambao mtu anaweza kuufuata kwa miguu. Kwa Kiswahili "kilima" peke yake linapoteza urefu huo. "Tuta" nililikataa kwa sababu mkulima ataona shamba la viazi, na "safu" nililiweka akiba kwa Druim Alban tu, ambako ni milima mingi iliyofuatana. Kwingine kote nimeandika "mgongo wa kilima" mara ya kwanza, kisha "mgongo".

Kwa majina ya mahali hatua zangu ni hizi. Jina la Kiingereza halitoshi kamwe, kwa sababu upimaji wa ramani ulioanza 1824 uliyaandika majina kwa tahajia ya Kiingereza. Nalitafuta kwanza kwenye hifadhi ya majina ya Ayalandi, logainm.ie, na kwa kaunti sita za Ayalandi Kaskazini kuna mradi wao wa placenamesni. Natazama umbo la Kiayalandi lililoidhinishwa, kisha nashuka kwenye orodha ya maumbo ya kale yenye miaka yake, nalichukua la zamani kuliko yote. Halafu natazama ramani ya mwinuko. Kama hakuna mgongo pale, narudi mwanzo.

Mara nyingi mambo ni wazi. Dromore ni Droim Mór, "mgongo mkubwa". Drumkeeran ni Droim Caorthainn, wenye miti ya rowani. Drumsna, kando ya mto Shannon, ni Droim ar Snámh, mahali pa kuvukia kwa kuogelea. Drumnadrochit ya Uskoti, kando ya Loch Ness, ni "mgongo wa daraja". Kusini, hasa Munster, lahaja husema drom, na ramani huandika Drom-. Kaskazini Drum- ndiyo imeenea, ingawa Dromore na Dromara zenyewe zinaonyesha kwamba mpaka huo hauna ukuta. Tatizo huwa zaidi katika neno la pili. Drumshanbo, Leitrim, imeidhinishwa kama Droim Seanbhó, inayosomeka "mgongo wa ng'ombe mzee", lakini wapo wanaoona seanbhoth, "kibanda kikuukuu". Tofauti ni th iliyoacha kutamkwa karne nyingi zilizopita. Katika hali hiyo mimi huandika maana zote mbili na kuacha hivyo.

Majina yenye -trim mwishoni yanahitaji uangalifu wa pekee, na hapa nakaa kidogo, kwa kuwa hakuna mtego ulio mzuri kuufundishia kuliko huu. Leitrim ni Liath-druim, "mgongo wa kijivu": th na d zilikutana zikawa t, na druimm likafichika nyuma yake. Trim, mji wa Meath, hauna mgongo wowote. Jina lake ni Baile Átha Troim, na troim hiyo inatokana na trom, mti wa elda uliokuwa kwenye kivuko. Antrim iko katikati. Leo ni Aontroim, "mgongo wa pekee", lakini umbo la kale ni Oentreb, "makao ya pekee". Vizazi vya baadaye vilisikia druimm ambamo halikuwamo, na usikivu huo ukawa jina rasmi. Majina matatu, mwisho mmoja kwa macho, na druimm la asili liko katika moja tu. Aughrim nayo, penye vita vya 1691, ni Ech-druim, "mgongo wa farasi": d ililegea hadi ikatoweka, na r na m ndizo zilizobaki. Anayetafuta Drum- mwanzoni mwa majina tu hataiona Leitrim wala Aughrim.

Ukiyaweka majina ya Drum- kwenye ramani utaona yamesongamana katika Cavan, Monaghan, Fermanagh, Leitrim na Down. Sababu ni barafu. Barafu nene ya zama za kale ilipita juu ya nchi hiyo ikaacha maelfu ya vilima vya udongo na mawe, virefu, vyenye umbo la yai lililokatwa kwa urefu, vikilala kufuata mwendo wa barafu. Upande ilikotoka barafu kwa kawaida ni mkali, upande wa pili unateremka taratibu. Kati ya vilima maji hutuama. Watu walijenga nyumba, makanisa na njia juu ya mgongo kwa kuwa ndipo pakavu, na sehemu iliyokaliwa ndiyo iliyopewa jina. Wanajiolojia walilichukua neno lenyewe, kupitia umbo lake la udogo droimnín, wakapata drumlini. Maxwell Close alilitumia katika maandishi yake ya 1867. Katika ghuba ya Clew, Mayo, bahari imevizingira vilima hivyo vikawa visiwa. Katika kidahizo changu drumlini imekaa mwishoni, kama neno la sayansi, nikaongeza onyo kwamba si kila druimm ni drumlini. Druim Alban ni miamba mitupu.

Maana za mbali nilizipanga kwa kufuata Kiayalandi cha sasa, ambako njia yake inaonekana. Ar dhroim an domhain, "juu ya mgongo wa dunia", ni juu ya uso wa dunia. Sisi tunasema uso pale wao wanaposema mgongo, na hapo tafsiri ya neno kwa neno hupotosha. Dromchla, lililojengwa juu ya neno hili, sasa ndilo la "uso" hata katika hisabati na fizikia. Droim ar ais ni kinyumenyume. De dhroim ni "kwa sababu ya", na kwa hili nilisita kutumia "kwa mgongo wa", kwa maana kwetu linabeba harufu ya kumtumia mtu kwa faida yako. Kiayalandi hakina harufu hiyo. Nimeandika "kutokana na".

Limebaki druimchlí. Hiki kilikuwa cheo cha juu cha msomi. Maelezo ya kale yanasema ni mtu mwenye elimu kamili, kuanzia kitabu kikubwa kuliko vyote, kiitwacho Cuilmen, hadi kidogo kuliko vyote, kiitwacho Maneno Kumi. Clí peke yake ni nguzo ya nyumba, na pia ni daraja mojawapo la washairi. Kwa hiyo mgongo huu ni wa jengo, si wa mtu wala wa kilima. Nimelipa kidahizo chake lenyewe, na chini ya druimm nimeweka rejeo tu, ili mtu anayesoma sheria za kale asilifasiri cheo cha msomi kuwa jina la mahali.