Swali la mama wa Hedaru

Juzi jioni tuliingia Tanga, watu tisa na baiskeli nane. Ya tisa ilikuwa imelazwa kwenye pikapu, rimu imepinda tangu Hale. Leo ndiyo siku ya kwanza naweza kukaa na kuinuka bila kushika ukuta, nikaona niandike sasa hivi, maana kuna maneno yamenikaa moyoni tangu Hedaru na sitaki yapoe.

Kwa ambao hamjui, mtoto wa dada yangu alizaliwa na mgongo wazi. Wiki chache baadaye kichwa kikaanza kukua kuupita mwili. Maji ya ubongo hutengenezwa kila siku na kunyonywa kila siku; yake yalikosa njia, na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana bado, kichwa kikatanuka. Alipasuliwa pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, akawekewa mrija mwembamba unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Sasa ana miaka sita. Anatembea kwa magongo, na akiniita "mama mdogo" wanasikia mpaka nyumba ya tatu. Kwa hiyo nilipoelezwa kuna timu inataka kupanda Kilimanjaro, kisha ishuke kwa baiskeli mpaka baharini kuchangia watoto wa namna yake, nilikubali kabla mwenzangu hajamaliza kueleza.

Tuliwekeana sharti moja tangu kikao cha kwanza: ada ya hifadhi, waongozaji, wapagazi na chakula, kila mtu alipe mfukoni mwake. Hela ya mchangiaji isipande mlima. Mimi iliniletea miezi saba ya kubana matumizi, na bado naona ndiyo kanuni bora tuliyowahi kuiweka.

Tulipita njia ya Marangu. Usiku wa kwanza Mandara, kwenye mita 2,720, bado uko msituni na unasikia mbega. Horombo, mita 3,720, tulilala siku mbili ili mwili uzoee. Kibo, mita 4,720, hakuna maji, hakuna mti, na hakuna usingizi. Unajilaza na nguo zote mwilini ukisubiri kuamshwa saa tano usiku. Kutoka hapo ni changarawe tupu. Unapiga hatua moja mbele, unateleza nusu yake nyuma, na mwanga wote ulionao ni wa tochi ya kichwani inayomulika visigino vya mwenzako.

Kwenye pango la Hans Meyer mwenzetu mmoja, muuguzi, alianza kutapika na kuyumba. Mwongozaji alimtazama usoni, akamwuliza maswali mawili matatu, akasema, "Dada, sisi wawili tunashuka." Hakukuwa na ubishi. Yeye ndiye aliyefanya mazoezi kuliko sote. Mlima hauangalii hilo, na mtu aliyeanza kuyumba kwenye kimo kile dawa yake ya kwanza ni kushuka. Nilimwona akigeuka, taa yake ikididimia gizani, nikalia kidogo. Machozi yaliganda kwenye kola.

Nilifika Uhuru saa moja na nusu asubuhi, mita 5,895. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika hapo bendera na mwenge wa nchi iliyokuwa inazaliwa. Sisi tulikunjua khanga ya dada yangu, ile aliyombebea mwanawe kwenda na kurudi Muhimbili, tukaishika watu wanne ili upepo usiichukue. Tukapigwa picha. Dakika kumi tu, tukaanza kushuka.

Ile picha ndiyo iliyofanya kazi. Tuliposhuka Horombo simu zikapata mtandao, na ujumbe wa miamala ukaanza kuingia mmoja baada ya mwingine. Watu wa maofisini Dar niliokuwa nimewaandikia tangu mwezi wa tatu bila kujibiwa, sasa walituma, wengine mara mbili. Nilifurahi kweli. Nilikaa kwenye ngazi ya kibanda nikihesabu mirija: huu wa kwanza, huu wa pili.

Tulipumzika Moshi siku moja, tukapanda baiskeli. Mpaka Tanga ni kilomita 350 na ushei. Muuguzi wetu alikuwa amepona na ndiye aliyetangulia mbele. Tulipovuka Himo asubuhi, kilele cha Kibo kilikuwa wazi nyuma yetu, na Mawenzi pembeni yake kama jino lililovunjika. Nikadhani sehemu ngumu imekwisha.

Sikuuhesabu upepo. Mwezi wa nane kusi inavuma kutoka baharini, nasi tulikuwa tunaielekea. Kati ya Mwanga na Same nchi ni kavu, milima ya Pare iko kushoto na inakutazama tu, huku ukikanyaga kwa nguvu zako zote na ukienda mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Lori likipita, linakusukuma kwanza, halafu linakuvuta. Miba ya huko nayo haina huruma. Siku ya kwanza tuliziba pancha kumi na moja, na chupa ya solusheni ikaisha kabla ya Same.

Siku ya pili mchana tulisimama Hedaru kununua maji. Kulikuwa na mama wa makamo anauza tangawizi ya milimani, kaipanga mafungu mafungu juu ya kiroba. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnakimbizwa na nani na jua hili?"

Nikamweleza: mlima, baiskeli, watoto, mrija. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu, si mngezitoa tu hizo hela, mkakaa kwenu?"

Nikamwambia, "Mama, watu hawatoi mpaka waone kitu."

Akatikisa kichwa. Akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake, akatoa noti ya elfu moja, akaniwekea mkononi, akanifunga vidole. Hakuwa ameona picha wala kilele. Niliondoka pale bila jibu, na kutoka Hedaru hadi Mkomazi sikusema na mtu.

Ada ya mlima peke yake, yetu sote tisa, ingenunua mirija. Huo ndio ukweli, na ile kanuni yetu ya kulipa mfukoni haiufuti. Nilikuwa naukwepa tangu mwezi wa kwanza. Ulihitaji mama mwenye tangawizi aniwekee mbele.

Mombo tulifika jioni. Pale njia panda ya Lushoto kuna pilikapilika saa zote: mapea, karoti, kabichi za milimani, bodaboda, mabasi. Nyuma ya pikapu tulikuwa tumefunga bango lenye maneno machache: mgongo wazi na kichwa kikubwa vinatibika. Muuguzi akaanza kueleza kama alivyofanya kila kituo: kwamba uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne za mwanzo za mimba, mara nyingi kabla mama hajajua kama ana mimba, kwamba ndiyo maana vidonge vya foliki, ile vitamini inayosaidia uti kujifunga, vinatakiwa kuanza mapema, kabla ya kubeba mimba, na kwamba dona tunayosaga mashineni hapa mtaani haiongezwi hiyo foliki. Vijana wa bodaboda ndio walimzunguka na kuuliza zaidi. Mmoja alitaka kujua kama na mwanamume anapaswa kumeza.

Nilikuwa nafuta mnyororo alipokuja binti mmoja, sidhani kama kafika miaka ishirini. Alisimama mbali kwanza. Kisha akasogea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hicho kilichoandikwa pale ni kweli?" Mgongoni alikuwa na mtoto aliyefunikwa khanga mpaka juu ya kichwa, na jioni ya Mombo haina baridi ya kumfunika mtoto hivyo.

Miezi mitano. Hakuwahi kumtoa nje mchana, kwa sababu waliambiwa ni mambo ya Kiswahili, kwamba kuna mtu kawafanyia. Yule muuguzi alimpokea mtoto, akampakata, akamtazama macho, akapitisha mkono taratibu utosini. Kisha akamketisha mama yake kwenye kreti la soda, wakazungumza muda mrefu. Mimi nilitoa simu nikamwonyesha mwanangu yule wa magongo, akicheka na kovu lake nyuma ya sikio. Binti akaishika simu kwa mikono miwili. Akaniuliza kama huyu naye alikuwa hivi. Nikamwambia huyu alizidi hivi.

Picha ya kilele haikufika kwake. Simu yake ni ya tochi. Kilichomfikia ni watu wachafu wa vumbi waliosimama njia panda kwa sababu mmoja wao alikuwa na njaa na mwingine ana pancha. Laiti tungepita na gari la kasi, au tungekaa kwetu kama alivyosema mama wa Hedaru, fedha pengine zingepatikana kwa njia nyingine, lakini huyu angebaki ndani. Nalifikiria hili kila saa, na safari ijayo, ikiwepo, nitaomba tupunguze mlima na tuongeze vituo. Wenzangu wawili hawakubali. Tutabishana.

Korogwe, Segera, Hale, Muheza na machungwa yake, sina mengi ya kusema. Tulichoka. Tulipoonja harufu ya chumvi nilijua nimefika kwetu.

Asubuhi ya leo binti wa Mombo amenipigia akiwa Dar. Nauli na pa kulala vimetoka kwenye mfuko wa michango. Hospitalini wamempokea, mtoto amepimwa kichwa, wanasubiri daktari. Alikuwa na hofu ya jambo moja tu: kadi ya kliniki kaisahau nyumbani. Mumewe ameikabidhi kwa kondakta wa basi la asubuhi, na shemeji yangu ameshatoka kwenda kuipokea stendi.