Saa 12 asubuhi hatimaye imetoa 06:00

Imekubali! Nimeandika "saa 12 asubuhi", programu ikajibu 06:00. Siku tisa nimepambana na mstari huu mmoja.

Kwa aliyepitwa: natengeneza programu kwa lugha ya Python inayosoma matangazo ya vikao vya familia yetu, yaliyoandikwa kwa saa za Kiswahili, na kuyageuza kuwa mtindo wa saa 24. Ndugu zetu walioko Muscat, Oman, ambako saa iko mbele ya Dar kwa saa moja, wamekosa vikao vingi.

Toleo la kwanza: mchana jumlisha 6, usiku jumlisha 18, ikifika 24 toa 24. Saa 4 asubuhi ikawa 10:00, saa 3 usiku ikawa 21:00. Safi. Kisha saa 12 asubuhi ikatoa 18:00. Nikaweka sharti kwamba 12 ihesabiwe kama 0, ikaharibika saa 12 jioni. Nikaitibu jioni, ikaibuka saa 11 asubuhi, nayo inadai ni 17:00. Kila sharti nililoongeza lilizaa jingine. Nilifikisha masharti tisa ndani ya fanksheni moja (kipande cha programu chenye kazi yake), sijui tena lipi linalinda nini, na usiku ule nilikaribia kufuta faili zima.

Jumamosi nilifunga kompyuta, nikachukua daftari na kuandika saa zote 24 kwa mkono, kila moja na jina tunaloiita. Ilinichukua nusu saa. Ndipo nikaona kwamba neno "asubuhi" halikuambii ujumlishe ngapi! Saa 11 asubuhi bado iko kwenye hesabu ya usiku, saa 2 asubuhi iko kwenye hesabu ya mchana. Nilikuwa nalibebesha neno hilo kazi isiyo yake.

Sasa fanksheni inatoa majibu mawili kwa kila saa, la kujumlisha 6 na la kujumlisha 18, kisha inaangalia lipi limeangukia kwenye kipindi kilichotajwa: asubuhi 4 hadi 11, jioni 16 hadi 19, na kadhalika. Majibu hayo daima yanapishana kwa saa 12, kwa hiyo kipindi kifupi kuliko hapo hakiwezi kuyapokea yote mawili. Masharti tisa yameondoka. Naipenda sana fanksheni hii.

Kipindi cha usiku peke yake kilinila jioni nzima. Niliandika 19 <= h <= 5, h ikiwa ndiyo saa, na Python haikulalamika hata kidogo, lakini hakuna namba inayofika 19 na hapohapo isizidi 5. Nimeweka seti yenye namba zote 11, moja moja. Ni ndefu, ila ukiisoma unaielewa papo hapo.

Kosa hilo nililikamata kwa Thonny, programu ya kuandikia na kujaribia kodi ya Python, kwa kupita mstari baada ya mstari huku nikiona thamani ya kila kigeu. Kwa anayeanza naiweka mbele ya VS Code, programu nyingine ya kuandikia kodi, bila kusita. Mapendekezo ya VS Code yalikuwa yananimalizia sentensi kabla sijajua ninachotaka kusema.

Kasorobo niliiogopa bure. Saa 6 kasorobo usiku ni sifuri toa dakika 15, na katika Python -15 % 1440 (salio la kugawa kwa dakika 1440 za siku nzima) ni 1425, yaani 23:45. Lugha nyingine, kama C, zingekurudishia -15.

Wiki hii ilikuwa zamu ya kiolesura (dirisha na vitufe) cha Tkinter, zana ya Python. Sijakigusa, kwa sababu baba mdogo ametangaza kikao "usiku wa Ijumaa saa 2", na bibi akajiandaa Alhamisi. Kwa bibi siku huanza magharibi, hivyo usiku wa Ijumaa huitangulia Ijumaa yenyewe. Baba mdogo anahesabu kwa kalenda ya ukutani. Programu itabidi ijue tangazo limeandikwa na nani.

Nimefungua faili la siku.py. Jaribio la kwanza: mwandishi bibi, "usiku wa Ijumaa saa 2", jibu Alhamisi 20:00. Bado linafeli.