Bugarama, Tukingoja Igitoro

Nianze na fedha, maana ndizo zilizonitia hasira kwanza. Ukishavuka mpaka wa Manyovu ukaingia Mugina, upande wa Burundi, wapo vijana wanaotembea na mabunda ya noti mkononi. Nikajitia mjanja, nikawakwepa, nikaenda kwenye dirisha halali kubadilisha kwa bei ya serikali. Shilingi yangu moja ikazaa faranga moja na kidogo, na risiti nikapewa. Ndani ya gari jirani yangu akaniuliza nimepata ngapi. Nilipomtajia alicheka mpaka akashika kiti cha mbele. Kwa wale vijana niliowakimbia, shilingi ilikuwa inakwenda karibu faranga mbili. Karibu nusu ya akiba yangu ya likizo niliiacha pale dirishani, tena kwa foleni.

Ilikuwa Juni 2024. Nafundisha historia sekondari huko Kasulu, na kila mwaka naandika ubaoni: Burundi, uhuru, 1 Julai 1962. Wanafunzi wananakili, nafuta, tunaendelea na mada nyingine. Nchi yenyewe iko jirani kiasi kwamba Kiha changu na Kirundi chao vinaelewana bila mkalimani, lakini miaka yangu yote sikuwahi kuvuka.

Njia ya Nyanza-Lac na Rumonge sitaieleza sana. Ziwa ni letu lilelile, dagaa wanaitwa ndagala, michikichi ni ile ile ya Kigoma. Ila kule Mugere, kabla ya kuingia Bujumbura, liko jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley, na abiria mmoja akaniapia kwamba hapo ndipo walipokutana. Mimi mtu wa Kigoma nitanyamazaje? Walikutana Ujiji, hapo Mugere walifika pamoja baadaye, Novemba 1871, wakalala, wakaondoka. Tulibishana mpaka stendi.

Bujumbura nilikaa siku mbili. Hoteli ilikuwa ghali na maji ya bafuni yalikuja saa tisa usiku. Mtaa wa Buyenzi nilikula wali na samaki mukeke wa kukaanga, Kiswahili kila upande, nikasahau niko ugenini. Kisha nikapanda mlimani kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, lenye matao matatu, mji na ziwa vikiwa chini yako. Mtoto wa mfalme huyu alishikana na wafanyabiashara Waswahili wa mitaa kama hiyo Buyenzi, akaungwa mkono na TANU yetu, Wabelgiji wakamfungia nyumbani, na bado chama chake cha UPRONA kikazoa viti 58 kati ya 64 mnamo Septemba 1961. Haukupita mwezi. Tarehe 13 Oktoba alikuwa anakula chakula cha jioni hotelini kando ya ziwa, akapigwa risasi. Mgiriki aliyefyatua, Kageorgis, aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, bendera mpya ikapandishwa kesho yake. Rwagasore alikuwa na miaka 29. Mwalimu wetu alipokuwa na miaka 29 bado alikuwa mwanafunzi Edinburgh. Nilikaa pale na hesabu hiyo mpaka askari akaja kuniambia nisipige picha.

Siku ya tatu ndiyo safari yenyewe. Kwenda Gitega, mji mkuu wa sasa, ni kama kilomita mia moja tu, na nauli walinitajia mara tatu, kila mara ikipanda, kwa sababu ya igitoro, ndivyo wanavyoita mafuta ya gari. Vituo vilikuwa vikavu. Barabara inapanda milima tangu unapotoka mjini, na wapo vijana wa baiskeli wanaoning'inia nyuma ya malori, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika bomba la lori, wanavutwa mpaka juu. Kurudi wanateremka na mikungu ya ndizi, breki zao ni soli za viatu. Nilifumba macho mara kadhaa.

Bugarama, juu kabisa kwenye ukungu, gari letu likakohoa likazima. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Dereva akachukua dumu, akapanda pikipiki, akasema anarudi sasa hivi. Alirudi saa kumi na mbili jioni.

Bugarama ni baridi ya kukata masikio, na mimi nilikuwa na kanga na kizibao cha pwani. Akina mama wanakusukumia karoti na kabichi dirishani hata kama gari halina injini ya kukupeleka kwenye sufuria. Abiria wengine wakatawanyika. Nikabaki na mzee mmoja wa kiti cha nyuma, koti refu, mfuko wa nailoni umebanwa kwapani. Nikamwamkia kwa mazoea, "Shikamoo mzee," na yeye bila kugeuka akaitika, "Marahaba, mwanangu." Ndipo akageuka. "Hiyo shikamoo umeitoa wapi?"

"Kasulu."

"Basi wewe ni wa nyumbani. Mimi ni wa Mishamo."

Mishamo ni makazi ya wakimbizi wa Burundi, wilaya ya Tanganyika, kule Mpanda, na yeye ni Mrundi wa Rumonge. Alivuka ziwa kwa mtumbwi mwaka 1972 akiwa na miaka kumi na miwili, akapelekwa Ulyankulu, na Mishamo ilipofunguliwa wakahamishiwa huko. Alirudi 2009. Mwaka ule wa kukimbia hautaji kwa tarakimu, anasema ikiza, janga, na anapunguza sauti kama vile dereva anamsikia kutoka aliko. Darasani huwa nalitaja kwa sentensi mbili: tarehe 29 Aprili waasi wa Kihutu walivamia kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi, kisha serikali ya Rais Micombero, Mtutsi, ikawaua Wahutu kwa miezi, na makadirio ya waliokufa yanaanzia laki moja hadi laki tatu. Yeye alilitaja kwa lori. Lori lilikuja shuleni likachukua walimu, siku ya pili likaja tena likachukua wanafunzi wa madarasa ya juu. "Waliosoma ndio walitangulia," akasema. "Wewe kazi yako nini?" Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, tukanyamaza kidogo.

"Na huko Gitega tunakokwenda," akaongeza, "ndiko walikomuua Ntare, usiku uleule." Huyo ndiye mfalme wa mwisho, kijana wa miaka 24, aliyempindua baba yake mwaka 1966 na kupinduliwa na Micombero mwaka huohuo.

Nikamuuliza kwa nini alikaa Mishamo miaka yote hiyo. Akanijibu kwamba walishafunga mizigo mara moja. Ndadaye, Mhutu, aliposhinda uchaguzi wa urais Juni 1993, redio ikisikika kambi nzima, watu waliuza kuku, wakafunga. "Mizigo ilifungwa Juni, ikafunguliwa Oktoba." Ndadaye aliuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba, vita ikaanza. Nyerere alisuluhisha Arusha mpaka akafa, Mandela akapokea, mkataba ukatiwa saini Agosti 2000, na mzee akangoja tena miaka tisa aone kama utashika. Mdogo wake alikataa kurudi. Mwaka 2014 akapewa uraia wa Tanzania pamoja na wenzake zaidi ya laki moja na sitini elfu. "Yeye ana kitambulisho cha taifa. Mimi nina faili."

Faili ndilo lililokuwa kwapani. Aliporudi alikuta shamba la baba yake linalimwa na mtu mwingine, michikichi mipya, nyumba ya matofali. "Na yeye si mwizi. Aliuziwa, na aliyemuuzia aligawiwa." Kesi imetembea ofisi hadi ofisi, sasa iko Gitega. Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na kadi ya ukimbizi iliyotobolewa kona, karatasi zenye mihuri, na ukurasa wa daftari la mistari uliokunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Ramani. Aliichora kwa penseli alipokuwa mtoto kambini, mama yake akimwambia asisahau. Kijito, barabara, kaburi la babu lenye msalaba, michikichi kumi na minne aliyoihesabu mmoja mmoja, na mwembe. Mwembe ni mkubwa kuliko nyumba, mkubwa kuliko barabara.

"Karani aliniuliza vipimo viko wapi," akasema. "Nikamwambia, hivyo ndivyo nilivyokuwa nauona."

Halafu bila kunitazama akauliza, "Baba yako alikuwa na shamba?"

"Alikuwa nalo."

"Alilimisha Warundi?"

Nikasema ndiyo. Kila msimu wa maharage walikuja watatu, wanne. Wote tuliwaita Mrundi. Mrundi njoo, Mrundi chukua jembe.

"Alilipa nini? Debe?"

Debe la mahindi. Na kuna mwaka hakulipa, aliwatishia uhamiaji, wakaondoka usiku. Nilikuwa darasa la tano, nilifurahi kwa sababu mahindi yalibaki. Haya yote nilimwambia, sijui kwa nini. Labda ni ile baridi.

Mzee akacheka, kicheko cha kweli. "Basi tunajuana," akasema, akaninunulia burusheti moja, yaani mshikaki wa mbuzi, na ndizi ya kuchoma. Nilitaka kulipa mimi, akakataa.

Gitega tuliingia usiku. Alishukia kwa jamaa yake, tukaagana gizani. Ngoma za Gishora, jirani na Gitega, nilikwenda kuziona kesho yake, na nikatozwa bei ya mzungu, ingawa nilijieleza kwa Kiha kitupu. Wanapiga vizuri, ngoma unaisikia kifuani. Zaidi ya hapo sina la kusema, akili yangu haikuwapo.

Wakati wa kurudi nilichagua kiti cha dirishani. Tulipokaribia Rumonge nikaanza kutafuta kijito, halafu barabara, halafu mwembe. Michikichi haina mwisho kule. Miembe ipo, mikubwa na midogo, nilifika kumi na mmoja nikapoteza hesabu, kwa sababu kondakta alikuwa amesimama juu yangu anadai nauli ya begi.