Kura yangu ya Minnesota niliipiga nikiwa Kisauni

Uchaguzi wa Marekani wa tarehe 5 Novemba 2024 ulinikuta Mombasa, nilikorudi kumuuguza mama baada ya kuishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, miaka mingi. Uraia wa Marekani ningali nao pamoja na wa Kenya, na jirani zangu walidhani mtu akishahama, kura yake imekwisha. Haikwishi. Tangu mwaka 1986 kuna sheria inayowalinda raia wa Marekani wanaoishi nje: wanapiga kura kwa posta popote walipo, kupitia jimbo walikoishi mwisho.

Hapo kwenye "walikoishi mwisho" ndipo wengi hukwama. Fomu ya maombi, ambayo ni moja kwa majimbo yote na hupatikana bure kwenye tovuti ya fvap.gov, inataka anwani ya nyumba uliyokuwa ukikaa kabla ya kuondoka. Mimi nilikuwa mpangaji, na nyumba ile sasa ina watu wengine kabisa. Haidhuru. Anwani ile inatumika kujua eneo lako la uchaguzi tu, na hakuna barua inayotumwa huko. Kuna rafiki yangu aliogopa kujaza akidhani atafuatwa na kodi ya jimbo. Kura ya nafasi za kitaifa peke yake haimtwishi mtu kodi.

Niliijaza Januari, nikachagua kuletewa karatasi ya kura kwa baruapepe, nikatia sahihi, nikaiskani na kuituma kwa ofisi ya uchaguzi ya kaunti ya Hennepin. Inashauriwa kuijaza upya kila Januari na kila unapohama, kwa hiyo sasa ni desturi yangu ya mwaka mpya.

Ofisi za uchaguzi zinatakiwa kutuma karatasi za kura siku 45 kabla ya uchaguzi. Yangu ilifika Septemba, nami nikaenda saiba, duka la intaneti, kuichapisha. Kijana wa pale aliitazama, akauliza, "Mama, huu mtihani ni wa chuo gani?" Nikamwambia, "Si mtihani, mwanangu, ni kura ya rais wa Marekani." Akaacha kazi zake akaja kusoma majina. Kwa kuwa nilijaza kwamba sijui kama nitarudi kuishi kule, nililetewa nafasi za kitaifa pekee: rais, seneta na mbunge wa Kongresi. Tim Walz, gavana wetu wa Minnesota, alikuwa mgombea mwenza wa Kamala Harris. Kwenye ubunge kulikuwa na jina la Ilhan Omar, ambaye utotoni aliishi miaka kadhaa katika kambi ya wakimbizi ya Utange, hapa hapa upande wetu wa Kisauni. Kijana hakuniamini mpaka alipotafuta mwenyewe kwenye simu.

Nilimwomba afute faili, nikaenda kuijaza nyumbani, mama amelala. Unaweusha kiduara kilicho kando ya jina kwa kalamu nyeusi, basi. Karatasi ya kawaida ya saiba haina tatizo, kwani kule makarani huinakili kwenye karatasi rasmi inayosomwa na mashine. Karatasi ya kura inaingia kwenye bahasha ya siri, isiyo na jina. Hiyo nayo inakwenda pamoja na cheti chenye sahihi yako na namba ya utambulisho. Mimi niliandika ya pasipoti. Kisha bahasha ya nje.

Yapo majimbo yanayokubali kura irudi kwa baruapepe au faksi. Minnesota inataka karatasi yenyewe, na iwe imefika ifikapo siku ya uchaguzi. Unaweza kulipia kampuni ya vifurushi, au kuipeleka ubalozini, ambako husafiri na mizigo ya kidiplomasia bila malipo mradi bahasha ina alama ya posta iliyolipiwa Marekani. Safari hiyo huweza kuchukua wiki nne, kwa hiyo sikungoja. Nilipanda treni ya SGR Miritini, kesho yake bahasha ikawa ubalozini, Gigiri, Nairobi. Kama karatasi yangu ingechelewa kuja, kuna kura ya akiba, unayopakua na kuandika majina ya wagombea kwa mkono. Hiyo kila raia aliye nje aijue, maana baruapepe hupotea.

Oktoba, tovuti ya jimbo ikaonyesha kura yangu imepokewa na kukubaliwa. Nilimwonyesha mama, akaniombea dua.

Kinachonigusa ni mpwa wangu aliyebaki Minneapolis, mwenye pasipoti ya Kenya pekee. Mwaka 2022 Wakenya walio nje walipiga kura katika nchi 12 tu, tena kwa rais peke yake, na ilibidi ufike kituoni kwa miguu yako. Kwa Marekani, vituo vilikuwa miji kama Washington na New York. Wauguzi na madereva, watu wanaotuma pesa nyumbani kila mwezi, hawawezi kuacha zamu kwa safari ya ndege, mara moja kujiandikisha na mara ya pili kupiga kura. Bahasha na sahihi vingewatosha. Uchaguzi wa Kenya ni Agosti 2027, na mpwa wangu ameshaanza kuweka akiba ya nauli.