Bastola tatu za .22 kwenye baridi ya Mbeya

Nilitaka jibu la swali moja: kati ya Ruger Mark IV, Browning Buck Mark na Smith & Wesson Model 41, ipi inapiga magazini (kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini) baada ya magazini bila kusumbua, na ipi inakuacha na hamu hata boksi la risasi likiisha? Zote tatu ni za .22, ile risasi ndogo ya unene wa inchi 0.22 hivi, zote za kulengea shabaha, si za kutembea nazo. Zilikuwa na wenyewe na leseni zao, uwanja una kibali, na nyuma ya shabaha kuna tuta la udongo refu kuliko mtu. Mambo ya leseni siyaingilii hapa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ipo, na safari yake inaanzia polisi.

Kila bastola ilipewa risasi 200 za mwendo wa kawaida, zile za kama mita 325 kwa sekunde, na 200 za mwendo wa kasi, za kama mita 375, bila kusafishwa katikati. Tulianza saa moja asubuhi mwezi wa Julai upande wa Uyole, vidole vimekufa ganzi, tukamaliza jua limepanda. Baadaye tukarudia yote chini, upande wa Chimala, kwenye joto. Daftari lilikuwa na safu mbili tu: kugoma na kukwama. Kugoma ni pale unapovuta triga, nyundo inalia, lakini hakuna mlipuko. Kukwama ni pale mlipuko umetokea lakini ganda halikuruka, au risasi inayofuata haikuingia chemba, yaani kile chumba cha nyuma ya mtutu inamolipukia. Ukizichanganya safu hizi utamlaumu fundi wa bastola kwa kosa la kiwanda cha risasi.

Tuanze na kugoma, maana huko ndiko watu wanakopotea. Risasi ya .22 LR (Long Rifle, ndiyo inayotumiwa na bastola hizi) ni ya mwaka 1887, na namna inavyowaka haijabadilika sana tangu hapo. Haina fataki ya katikati kama ya 9 mm. Kemikali ya kuwashia imemwagwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, ikazungushwa kwa kasi ili isambae duara zima. Pini inauponda ukingo, kemikali inabanwa, baruti inawaka. Sasa, kama kiwandani haikusambaa sawasawa, kuna sehemu ya ukingo isiyo na kitu, na pini ikiangukia hapo hupati kitu. Ndiyo maana nyingi zilizogoma kwetu zililipuka zilipotolewa, zikazungushwa nusu duara na kurudishwa.

Ila kabla ya kuitoa, subiri. Mtutu ubaki unatazama shabaha, hesabu hadi 30 taratibu, kwa sababu kuna risasi inayochelewa kuwaka. Ndipo uitoe na uangalie alama ya pini. Alama ikiwa ya kina na imekaa pembeni kabisa mwa kitako, kosa ni la risasi. Alama ikiwa hafifu, tatizo liko kwenye bastola: pini imejaa masizi, springi imechoka, au bolti (chuma kinachoteleza nyuma ya chemba na kuifunga) haikufunga mpaka mwisho, kwa hiyo nguvu ya nyundo imeishia kuisukuma bolti badala ya kuuponda ukingo. Na mlipuko ukisikika mdogo, kama mtu aliyekohoa, acha hapo hapo. Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, pitisha fimbo kwenye mtutu. Kichwa cha risasi kikiwa kimebaki humo na ukapiga kingine nyuma yake, mtutu umekwisha.

Safu ya kukwama ilijaa asubuhi, ikakauka mchana. Wenzangu walisema ni mwinuko, hewa ya Mbeya ni nyepesi. Hapana. Kwa mita 25 mwinuko wa mita 1,700 hauna la kufanya na ganda linaloganda mlangoni. Bastola hizi hazina kufuli ya kuishika bolti wakati wa mlipuko. Bolti inashikiliwa na uzito wake na springi tu, na inarudishwa nyuma na ganda lenyewe linaposukumwa na gesi. Nguvu ya .22 ni ndogo, haina akiba. Risasi ya mwendo wa kawaida ikipoa inapungua nguvu kidogo, nta au grisi inayopakwa kwenye kichwa chake inakuwa ngumu, na kama ndani ya bastola kuna grisi nzito, bolti inarudi nusu safari. Ganda linabanwa wima kama mshumaa, au bolti inarudi bila kuifikia risasi inayofuata.

Dawa yake ilikuwa ya bei ya chai. Moja ya hizo bastola ilikuwa imepakwa grisi ya kopo, ile ya beringi za pikipiki. Tuliikagua mara mbili kwamba ni tupu, tukaifungua, tukaiosha kwa mafuta ya taa na mswaki, tukaikausha, kisha tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye mikondo ya bolti. Tone, si kijiko. Mafuta yakizidi yanakusanya masizi na, kuanzia Septemba, vumbi lile jekundu, na baada ya boksi mbili unakuwa na uji. Baada ya kuoshwa tuliirudia asubuhi nyingine, nje ya lile jaribio la kwanza, kwa risasi zilezile, baridi ileile, na ile safu ikabaki karibu tupu. Chimala hata kabla ya kusafisha hatukuwa na shida ya maana.

Kilichobaki cha kukwama kilitoka kwenye magazini. Ukingo wa .22 umetokeza nje ya ganda, kama milimita 7 upana dhidi ya 5.7 za ganda lenyewe. Kwenye magazini kila risasi lazima ukingo wake ukae mbele ya ukingo wa iliyo chini yake. Ukikaa nyuma zinafungana, na bolti ikisukuma ya juu inaivuta na ya pili. Magazini hizi zina kitufe pembeni cha kuvuta springi chini unapojaza, na hapo ndipo pana mtego. Mwenye haraka anakivuta mpaka mwisho, anadondosha risasi kumi kama karanga kwenye chupa, nazo zinajipanga zinavyotaka. Vuta kwa hatua, nafasi ya risasi moja tu kila mara, uiingize kitako kwanza kikigusa ukuta wa nyuma. Ukimaliza, gonga mgongo wa magazini kwenye kiganja mara mbili, tazama: risasi ya juu iwe imeinua pua. Ikiinamisha pua, zitoe zote uanze upya. Na midomo ya magazini ikipinda kidogo kwa kuangushwa kwenye saruji, usiinyooshe kwa koleo. Iwekee alama ya rangi, uitumie kufanyia mazoezi ya kuondoa kukwama.

Sasa zenyewe. Model 41 ni ya mwaka 1957, na ukiishika unajua ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayelenga tu. Triga inakatika kama kijiti kikavu, bila kujivuta. Kufungua ni rahisi: magazini nje, chemba tupu, slaidi nyuma, vuta chini kile chuma kinacholinda triga, mtutu unanyanyuka wenyewe. Lakini chemba yake imebana, na sifa yake inajulikana kote: inachagua risasi, na inapenda za mwendo wa kawaida. Ukiwa mtu wa kununua boksi lolote lililopo dukani, na huku Nyanda za Juu mara nyingi ndivyo ilivyo, utakuwa unaigombeza bure.

Buck Mark ilitoka mwaka 1985. Triga yake nzuri kuliko bei yake, na ndiyo iliyovumilia zaidi risasi za kila aina. Kero yake ni kufungua. Juu kuna skrubu mbili za alenkii zinazoshika kipande kinachobeba kilengeo cha nyuma, na chini yake vishikio vidogo vya kuzuia zisilegee. Kimoja kikidondoka kwenye majani, kazi ya siku imekwisha, kwa hiyo fungulia juu ya beseni jeupe au taulo. Wakati wa kurudisha, kaza kwa kupokezana, skrubu hii kidogo, ile kidogo, na tone la gundi ya skrubu, ile ya kufunguka. Skrubu ikilegea bastola haikwami, inafanya baya zaidi: kilengeo kinacheza, matundu yanahama, na wewe unaanza kujishuku mkono.

Ukoo wa Ruger ulianza mwaka 1949, na kwa miaka mingi watu waliipenda kwa kupiga na kuichukia kwa kuisafisha, maana kuirudisha kulihitaji maarifa ya mtego wa panya. Mark IV, ya mwaka 2016, ilimaliza hilo. Toa magazini, hakikisha ni tupu, weka usalama, bonyeza kitufe cha nyuma, sehemu ya juu inainama mbele kwenye bawaba na bolti inateleza nje. Dakika moja. Jambo moja kwa anayenunua iliyotumika: zilizotengenezwa kabla ya Juni 1, 2017 ziliitwa kurudishwa kiwandani, kwa sababu triga ikivutwa huku kitufe cha usalama kiko katikati, risasi ingeweza kutoka kitufe kinaposogezwa. Uliza namba, uhakikishe ilishafanyiwa kazi. Na ukiivua bolti, usisahau kurudisha ile pini ndogo inayozuia pini ya kugonga. Bila hiyo, mvuto mmoja wa triga chemba ikiwa tupu unaweza kuchimba ukingo wa chemba, kisha maganda yaanze kung'ang'ania. Kwa mazoezi ya triga mimi naweka ganda lililokwishapigwa, nikiligeuza kila mara.

Kulenga kwenyewe kunazungumzika kwa ufupi. Kwenye shabaha ya mita 25 duara la kumi lina sentimita 5, na mkono ukiwa juu ya mfuko wa mchanga zote tatu zinajaza humo risasi tano kama risasi ni nzuri. Ukisimama wima kwa mkono mmoja tofauti inakuwa yako. Model 41 inasamehe kidogo kwa sababu ya triga.

Kwa hiyo? Asubuhi ya mashindano ningechukua Model 41 na boksi ninalolijua. Kwa Jumamosi ya kawaida nachukua Mark IV, bila aibu, kwa sababu jioni naisafisha kabla maji ya kuoga hayajachemka. Bastola ya .22 isiyosafishwa kwa uvivu itakwama tu, iwe na jina gani, na kinachonifanya nisiwe mvivu ni kile kitufe.

Usafi wenyewe: fulana ya pamba ya mtumba kutoka Mwanjelwa, ikatwe vipande vya sentimita 2 na nusu. Kimoja chenye mafuta ya taa kinapita kwenye mtutu kutokea upande wa chemba ikiwezekana, viwili vikavu baada yake, na mswaki kwa uso wa bolti na ule mlango wa kuingilia risasi, ambako nta na masizi hukauka kama lami. Kisha sabuni na maji ya baridi mpaka kwenye viwiko, kabla ya kugusa chakula au mtoto. Kichwa cha .22 ni madini ya risasi matupu, au yamepakwa shaba nyembamba tu, na unga wake mweusi unabaki kwenye mikunjo ya vidole. Vile vipande vya fulana vinakwenda kwenye kopo lenye kifuniko, havirudi jikoni.