Wekundu ulinidanganya

Jumatatu niliamka jicho la kulia limewiva kama la mtu aliyekesha kwenye moshi. Nilikuwa nimelala na lenzi, zile zinazovaliwa machoni badala ya miwani, tena si mara ya kwanza. Nikazivua, nikajitazama kwenye kioo, nikajipa moyo: mbona mwaka jana macho yalikuwa mekundu kuliko hivi, yakapoa yenyewe?

Kumbe nilikuwa napima kwa rangi. Mwaka jana yaliwasha yote mawili, matongo yakivutika kama uzi, lakini hayakuuma, na nikivua lenzi nilipata nafuu. Safari hii lilikuwa jicho moja, na maumivu yalizidi baada ya kuvua. Kufika mchana sikuweza kutazama dirishani. Nikafumba jicho la kushoto, lisilo na shida, nikaangalia saa ya ukutani: mishale yote ukungu, nikipepesa wapi!

Daktari hata hakuushangaa wekundu. Aliuliza mambo matatu: linauma hata bila lenzi? Mwanga unakuchoma? Unaona kama kawaida? Kisha akanitia tone la rangi, akazima taa, akamulika kwa mwanga wa buluu. Katikati ya konea, ile sehemu ang'avu ya mbele ya jicho, palikuwa na doa liling'aalo kijani. Kidonda.

Konea haina mishipa ya damu. Oksijeni yake nyingi huipata hewani. Ukilala na lenzi unaizibia pumzi, na bakteria wanapata upenyo. Wapo, kama Pseudomonas, wanaoweza kuitoboa kwa siku chache. Akauliza pia kama kikopo cha lenzi nakisuuza kwa maji ya bomba. Nikanyamaza. Kwenye maji hayo anaweza kuwamo amiba, kijidudu cha seli moja, na kumtibu ni kazi ya miezi.

Kinachoniuma ni mambo mawili. Lenzi nilishazitupa, na daktari alizitaka apeleke maabara pamoja na kikopo. La pili, asubuhi ile nilikuwa nimeshashika chupa ya matone ya zamani yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu. Yangeufuta wekundu, mimi nikafurahi, huku kidonda kinachimba.

Sasa natia dawa kila saa, hata usiku. Kengele ya simu imekuwa adui wa nyumba nzima. Leo nimeitazama saa tena kwa jicho lile. Mshale wa dakika nauona. Wa sekunde bado.